Maneno Niliyokutwika Ukiwa Kaburini

Kaka Rashidi,

Nimekutolea salamu makaburini Ijumaa tatu mfululizo, na mara zote nimegeuka bila kusema nililoendea. Bora niandike. Karatasi hainitazami.

Huu ni mwaka wa pili tangu ututoke. Duka lako la kutengeneza redio hapa Nkowe sasa nauzia chai na vitumbua kibarazani. Redio ambazo wenyewe hawakuzifuata bado ziko kwenye rafu, nazifuta vumbi. Mkeo karudi kwao Marambo, hajambo. Na watu wako hawajaacha kuja, wanakaa pale pale.

Unakumbuka walivyokuzunguka kila mwisho wa mwaka, wakitoka sala ya Ijumaa, uwaambie mwaka unaokuja una nini? Kutwa nzima ulikuwa unajaribu redio za watu, dunia yote inapita sikioni mwako. Ulisema vita itafanya meli zizunguke mbali, na kweli korosho zikachelewa ghalani. Ukasema pia watu watachoka na simu za kupapasa warudie viswaswadu vya kubonyeza, tukakucheka, nawe ukacheka kutushinda. Ila mwiko wako ulikuwa mmoja. Mtu akiuliza basi nilime nini, unamjibu, "Shamba la mtu mimi siligusi."

Mimi nililigusa, Kaka.

Mwisho wa mwaka ule wa kwanza bila wewe, Mzee Bakari fundi baiskeli aliniuliza kwa utani, "Haya Mwanahawa, redio umerithi, na habari je?" Hakujua kwamba nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima nilikuwa naiuliza ile akili mnemba ya kwenye simu. Ilinieleza kwamba mataifa makubwa yanavutania madini ya betri za magari ya umeme, na kwamba kuna matajiri huko nje wanaomwaga mitaji kwenye kampuni changa, wakijua nyingi zitakufa na chache zitawatajirisha, na huenda mwakani wakageukia madini kama haya yetu ya kinywe. Ilisema huenda. Ilisema inategemea. Hizo "huenda" zote nilizimeza. Nikawatangazia: mwakani wanakuja huku kwetu Ruangwa, wanachukua mashamba, wanalipa fidia.

Mzee Bakari akatabasamu, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Hilo tabasamu ndilo lililoniponza. Nikasema, "Kaka aliniachia maneno haya kabla hajafa."

Wote wakanyamaza. Sijawahi kusikilizwa hivyo tangu nizaliwe. Ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu sana.

Bi Somoe, yule jirani yako mjane, alikuwa amesimama pale akisubiri vitumbua. Mikorosho yake iko upande ule ambao wapimaji wa madini waliwahi kupita na kuchomeka vigingi. Msimu wa maua ulipofika, nikaona wenzake wanapuliza salfa ya kukinga maua, yeye katulia. Nikamuuliza. Akaniambia ahangaike na salfa ya nini, shamba linachukuliwa, Rashidi kasema, na Rashidi hakuwa mwongo.

Kaka, pale pale ningeweza kusema. Bado ilikuwa mapema, maua yalikuwa mazima. Nilimfungia vitumbua vyake nikamwongezea kimoja.

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukaingia. Maua yakawa kama yamemwagiwa unga, kisha yakasinyaa. Korosho alizookota hazikujaza hata ndoo. Na hakuna mwekezaji aliyetia mguu.

Sasa wanakusema wewe. Mbele yangu, wakinywa chai yangu. Mmoja alisema, "Marehemu alikuwa anatuokotea uongo redioni," nami nilikuwa nakoroga sukari, nikaendelea kukoroga. Nasali sala tano, Kaka, na nimekuacha utukanwe wakati huna mdomo wa kujibu. Siku hizi nikisujudu nachelewa kuinua uso. Naona aibu.

Juzi asubuhi nilikwenda kwa Bi Somoe. Alikuwa anapanda mahindi. Nikamweleza yote nimesimama, mikono sijui niiweke wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika jembe lake, akachimba na kufukia mstari mzima mimi nimesimama tu. Aliporudi upande wangu akasema, "Mimi nitakusamehe nikiweza. Lakini mimi sijamsema vibaya ndugu yako hata siku moja. Nenda kawaambie wanaomsema."

Kesho ndiyo Ijumaa ya mwisho ya mwaka. Watakuja kuulizia vita, simu, na hizo fedha za wageni. Naogopa. Najua baada ya kesho hakuna atakayeninyamazia tena nikizungumza, na pengine chai watakunywa kwingine.

Ila nakuahidi, Kaka. Nitawaambia kwamba Rashidi hakusema, nilisema mimi Mwanahawa, na ya mwakani siyajui. Na mikorosho ikianza kutoa maua, bomba la salfa la Bi Somoe nitalibeba mimi mgongoni, akiniruhusu.

Mungu akupanulie kaburi lako na akupe nuru. Nakuaga. Kesho nitaanza na hilo, kabla sijammiminia mtu chai, ili asiyetaka kunywa kwangu aondoke mapema.

Mdogo wako,
Mwanahawa