Mapezi Ambayo Kitabu Hakikuyataja

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, na mama pia, ila goti bado linamsumbua akipanda ngazi. Naituma barua hii kwa anwani iliyokuwa kwenye bahasha yako ya mwisho, ile ya miaka miwili iliyopita.

Nimemaliza shule na nimepata kazi. Usicheke: nafanya kazi na samaki waliokufa. Ulizoea kunitania kwamba naogopa hata kumwomba muuza duka chumvi. Basi hawa hawaniulizi kitu. Wamo kwenye chupa, rafu hadi darini, na chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta. Kuna siku neno langu la kwanza nalitamka jioni, nikifika nyumbani.

Bosi wangu ni mtaalamu wa samaki. Wafagiaji wanamwita Mama Mifupa. Anataka kujua maumbile ya samaki yalibadilikaje kizazi hadi kizazi. Mimi nasoma vitabu vya zamani vinavyoeleza kila aina, halafu naingiza kwenye kompyuta: pezi fulani lipo, au hakuna. Ndani ya programu kuna kitu kinaitwa ontolojia, ni kama daftari la ukoo wa viungo. Linaiambia kompyuta kuwa mwiba huu ni sehemu ya pezi lile, na kwamba pezi la tumbo ni ndugu wa mguu wetu. Ikishajua hayo, inachora mti kuonyesha nani alipoteza nini, na lini.

Mwezi uliopita mti ulionyesha kwamba ukoo mzima wa samaki wa mtoni ulipoteza mapezi ya tumbo. Mama Mifupa alifurahi mno, akaanza kuandaa hotuba kwa wataalamu wenzake. Mimi roho haikutulia. Nilishusha chupa moja, nikamtoa samaki kwa koleo ndogo. Mapezi yalikuwepo, madogo kama kucha za mtoto. Kosa lilikuwa langu. Kila mahali ambapo kitabu hakikuyataja, niliandika "hakuna".

Nilikaa nalo siku tatu. Ya nne nikamwekea chupa mezani, nikaongea huku naangalia viatu vyangu. Nilijua nitafukuzwa. Alimtazama samaki, akafunga faili la hotuba, kisha akasema, "Kitabu kikinyamaza, binti, usikisemee. Acha wazi." Akaniambia nirudie orodha yote, aina mia sita na kumi na mbili. Zimebaki arobaini.

Dada, sasa nikwambie lililonifanya niandike. Siku niliyoajiriwa nilijaza fomu. Penye ndugu wa kuzaliwa, niliandika "hakuna". Ulikuwa huandiki, mama hakutaji tangu mlipogombana, nami nikachukulia kwamba hupo. Nisamehe. Jana nilimwomba karani anirudishie ile fomu. Ndiyo, nilimwomba mwenyewe, kwa sauti, hadi akaacha kupiga mihuri. Nimefuta, nimeandika "dada mmoja". Mahali pa anwani yako nimeacha wazi, maana sijui kama ile ya bahasha bado ni yako.

Mama hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sitazisemea. Zangu zipokee zote.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi