Mugongo wa Sévère

Makobola, tarehe 12 Februari 2023

Noella, muke mwenzangu,

Nakusalimia. Uko muzima? Baridi ya Bukavu haijakukausha bado? Minye niko. Magoti yananinunia lakini yananibeba. Mbuzi imezaa. Ndugu yako Sévère anakula vizuri, analala vibaya.

Naandika juu mu telefone siwezi kusema. Nyumba iko ya vyumba viwili, kitanda chake kiko hapo kati, anasikia yote. Kisha weye unanikatisha maneno. Karatasi hainikatishi.

Sasa sikiliza. Tangu aanguke toka juu ya mugazi, ule muti wa mawese, akikata ngazi, vichala vyake, lopitali walimurudisha hapa na vidonge, na mupira wa kukojolea, na kile kiti cha magurudumu chenye kinazama mu muchanga kama ng'ombe mu matope. Wakasema mugongo umekatika ndani, miguu haitarudi. Nani aliwaambia? Mungu aliwapigia simu?

Minye nikatuma Irambona, kijana wa jirani, na pikipiki yake mpaka Katogota, kwetu nilikozaliwa, akaniletea Mama Domitille. Mama yake alikanda watu, naye anakanda watu. Amenyoosha shingo za watoto, amerudisha mabega ya wavuvi. Anapakaa mawese yaliyopashwa kidogo na majani machungu ya mubirizi, anakanda toka kiuno mpaka vidole. Anakanda kama mutu anayesikiliza nyuma ya mulango.

Juzi akikanda, muguu wa kuume uliruka. Noella, uliruka. Ulipiga sahani ya mafuta ikaenda mpaka ukutani. Nilipiga magoti chini, minye na magoti haya. Sévère aliuangalia ule muguu kama mugeni aliyeingia bila kubisha.

Nimekwenda kwa katekista. Siku ya Mungu, tarehe 26, tunatoa shukrani kanisani, na korali imekubali. Nimesema mbele ya watu wote: mbele ya Pasaka Sévère atakanyaga chini. Nimesema, basi atakanyaga. Waambie hao madokta zako.

Nyanya wako, mama muzazi wa baba yako,
Bernardine


Bukavu, 17 Februari 2023

Nyanya mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima yote. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, na baridi naizoea. Nafurahi kwa mbuzi. Magoti yako yapumzishe, usiyapige chini ovyo.

Najua barua hii itakukasirisha. Basi kasirika ukiwa umekaa.

Kazi yangu hapa ni miguu na migongo ya watu, kila siku. Ndani ya mifupa ya mgongo kunapita kamba laini, haizidi unene wa kidole chako kidogo. Kila neno ambalo kichwa kinaiambia miguu linapita humo. Kamba ya Sévère ilipondeka. Lakini miguu iliyo chini yake haijafa, ina uhai wake yenyewe. Ukiigusa, inaweza kuruka. Umeona mkia wa mjusi ukikatika? Unacheza, lakini mjusi hayupo. Muulize Sévère mwenyewe: ni wewe uliyeuambia uruke?

Mama Domitille asiache kumkanda. Mikono yake inalegeza miguu inayokaza, inamtuliza maumivu ya mabega, na mtu aliyelala muda mrefu hivi anahitaji kuguswa na mwenzake. Ila nakuomba kitu kimoja: moto usimkaribie. Chini ya kiuno hasikii. Hawezi kukuambia "naungua".

Na ile shukrani, nyanya, iahirishe. Usimfunge ndugu yangu kwa ahadi ambayo si yeye aliyeitoa.

Mjukuu wako,
Noella


Makobola, tarehe 30 Machi 2023

Noella,

Salamu. Mvua iko inapiga, barabara ya Uvira imekatika mahali, sijui karatasi hii itakufikia siku gani. Usiniulize habari ya afya yangu.

Barua yako ilifika mbele ya shukrani. Niliisoma yote, polepole, na kidole. Kisha nikavaa kitenge kizuri nikaenda kanisani. Korali iliimba. Katekista alihubiri habari ya Lazaro. Watu wakaja nyumbani kuangalia, nikagusa muguu, ukaruka, wanamuke wakapiga vigelegele. Sévère akanivuta nguo, akasema chinichini, "Nyanya, si mimi." Nikamuambia anyamaze, wageni wako hapa.

Pasaka ikawa inakaribia. Domitille alikuwa amerudi Katogota kupalilia muhogo wake. Aliniachia mafuta akasema, "Umupake tu, usimuchome." Minye nikajiambia, kama moto kidogo unafungua, moto mingi utafungua zaidi. Nikapasha mawe ya pwani, nikayafunga mu majani na kitambaa, nikayaweka chini ya muguu wake. Nikakaa pembeni kuchagua maharagi. Naye alikuwa ananiigia katekista, ile sauti yake ya pua, "Ndugu zangu, Lazaro hakuchelewa misa." Nilicheka mpaka machozi. Nikasikia harufu. Nikasema, sufuria ya jirani imeungua.

Haikuwa sufuria.

Noella, nyama yake iko inaungua, naye iko ananichekesha. Uso wake hata haukukunjamana. Nimezika bwana, nimezika baba yako, nimekimbia vita na sahani kichwani. Kitu kama kile sijakiona. Mutu mumoja, juu anacheka, chini anaungua, na katikati hakuna hata mujumbe wa kupeleka habari. Kitu cha unene wa kidole, ulisema. Nilikuwa nasoma maneno tu. Siku ile niliona. Niliogopa vile mutu anaogopa akipita mbele ya altare.

Yeye ndiye alinituliza. "Usilie, nyanya, sisikii kitu." Ni hapo nililia.

Masista wa dispansari wamemufunga kidonda. Kiko kikubwa, kisigino chote. Domitille amekuja, ameangalia, hakunisalimia.

Niambie la kufanya. Na usinisute, kusuta ni kazi yangu.

Nyanya wako


Bukavu, 6 Aprili 2023

Nyanya,

Salamu za upendo. Sikusuti.

Kisigino kisiguse kitu chochote, hata shuka. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee. Kidonda kioshwe na masista tu, na majani yasikikaribie kabisa. Kitachukua miezi. Mgeuze usiku, mkague ngozi asubuhi. Mama Domitille aendelee na mabega na mikono, kwa sababu mikono sasa ndiyo miguu yake. Mwombe asamehe.

Nikuambie jambo jingine. Hapa kazini tuna birika kubwa la saruji, maji yake ni ya uvuguvugu, tunawaingiza humo watu kama Sévère. Nilimwona mtu aliyelala mwaka mzima akisimama ndani ya maji yaliyomfika kifuani, tumemshika kiuno, maji yakabeba kile ambacho miguu haibebi. Si kupona, nyanya, usiende tena kwa katekista. Akitoka yuko vilevile. Lakini kila nikiona, nasahau kupumua.

Ninyi mna ziwa zima mlangoni. Kidonda kikifunga kabisa, mchague asubuhi isiyo na mawimbi, wanaume wa kumshika, bidoni tupu za kutekea maji zimefungwa chini ya kwapa, na asiachwe peke yake hata kidogo. Lakini muulize kwanza. Yeye mwenyewe, si wewe.

Mjukuu wako,
Noella


Makobola, tarehe 3 Septemba 2023

Noella, muke mwenzangu,

Uko aje? Najua umengoja barua miezi yote hii mpaka umenuna. Kungoja kunakomaza. Minye niko muzima, na nywele zangu bado zinanuka ziwa saa hii nikiandika.

Kidonda kilifunga mwezi wa saba. Habari ya ziwa sikumuambia. Nilijisemea, watu watacheka: Bernardine aliahidi mutu atakanyaga, sasa anamubeba kumuogesha kama mutoto. Nikanyamaza. Naye akaanza kunyamaza, na hicho kilinishinda. Bwana yangu huyu wa utani, hata kuniita muzee mubaya aliacha. Sahani ya chakula inarudi vile ilikwenda.

Jana nikamuuliza. "Unataka kuingia mu maji?" Alianza kuvua shati.

Wanaume wa korali walimubeba na kipoyi, machela ya miti, walewale walioimba. Wanamuke waliokuwa wanaosha sufuria wakasogea. Minye niliingia na kitenge changu, nikimushika kichwa, juu sikuamini mukono wa mutu. Maji yalipomufika kifuani, Irambona aliyemushika kiuno akasema, tuachilie miguu. Ikashuka polepole, peke yake, mpaka vidole vikalala ku muchanga.

Noella, alisimama. Na iko murefu. Nilikuwa nimesahau. Toka aanguke namuangalia nikiinama, namulisha nikiinama, namugombeza nikiinama. Jana niliinua shingo kumuona uso.

Akasema, "Nyanya, niachilie."

Nikakataa.

"Niachilie kichwa. Niko na mikono."

Nikamuachilia. Alikwenda. Mikono ile Domitille amekanda ilikuwa inavuta maji, miguu inamufuata nyuma kama nguo inayofuliwa, na Irambona pembeni yake anaogelea akihema. Wanamuke hawakupiga vigelegele. Sévère akafika ku mutumbwi uliofungwa, akaushika, akageuka kutuangalia sisi tuliobaki nyuma. Kisha akarudi. Hakuna aliyemuleta.

Katekista, na suruali yake imelowa mpaka kiuno, akaniuliza, "Mama Bernardine, tuwaambie watu ametembea?" Nikamujibu, "Sema kile uliona."

Walipomutoa akawa muzito tena, kama gunia la muhogo lililolowa. Sikuangalia pembeni. Nilimupangusa, nikakagua kisigino na ngozi yote vile ulisema. Kiko kizuri.

Kitenge changu hakijakauka vizuri. Sévère iko hapa ku mulango, amekwisha vua shati, ananiambia muzee mubaya, maliza kuandika, maji yanangoja.

Nyanya wako,
Bernardine