Mama, Nilipiga Mwano Hawakuja

Mayu,

Mwangaluka. Siku hizi nakusalimia nikiwa nafagia kaburi lako, maana asubuhi ndiyo saa uliyopenda kusalimiwa, kabla hata ya chai, na mtu aliyepita bila salamu ulikuwa unamwita ng'ombe. Basi mimi si ng'ombe. Nakusalimia, halafu narudi ndani nakasirika mpaka mchana.

Hapana, hasira ni neno jepesi. Nina kinyaa, mama. Nikimwona mtemi wa sungusungu, mkuu wa hao walinzi wa kijiji, anapita barabarani na filimbi yake shingoni, mate yananijaa mdomoni, natema. Mdogo wako, mama mdogo Ngollo wa Didia, alinikanya, akasema mwanamke mzima hatemi ovyo njiani. Nikamwambia mama mdogo, nikimeza nitaumwa.

Nakuandikia kwa sababu ulianguka mambo yakiwa katikati, na wewe hukupenda kuletewa habari nusu.

Kile chumba chako cha mwisho pale zahanati, ulichokuwa unapokelea vijana kila Alhamisi mchana, sasa kimejazwa vitanda vibovu. Dirisha ulilolipaka rangi kwa mkono wako wameliziba kwa bati. Wameleta muuguzi mpya, binti mpole, anaogopa hata kivuli chake. Kijana akifika anaulizwa mbele ya foleni nzima amekuja kutibiwa nini, na foleni nzima inageuka kumtazama. Wengine wanakwenda mpaka Runzewe kufuata dawa zao za kufubaza virusi. Wengine wameacha kabisa, na wewe unajua kuacha zile dawa kunampeleka mtu wapi.

Nianze na wale wa shirika, maana na wao sijawasamehe. Si unawakumbuka walivyoingia na gari lao jeupe na fulana zao mpya, wakasema wanatetea haki za mashoga na za watu waliobadili jinsia, na wanataka kushirikiana na zahanati yetu? Wao walete vipimo, wewe utibu. Mkuu wa zahanati akakubali. Wewe ukawaambia, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na hotipoti yako mkononi, "Vipimo leteni. Bango lenu lisiguse ukuta wangu. Hii ni zahanati ya kila mtu, hata ya yule anayewachukia." Wakaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Siku walipokuja na wageni wao wakalitundika bango palepale juu ya mlango, chini ya kibao cha serikali, wakakusimamisha wewe katikati wakakupiga picha. Na tabasamu lako lile la kwenye picha, kama mtu anayeng'olewa jino! Ile picha ilikuwa imeshafika kwenye simu za kijiji kizima kabla hujavua glovu.

Na swali walilolianzisha watu kwa picha ile halikuwa la kijinga, nalisema wazi. Mtu ana haki ya kuuliza zahanati ya umma inashirikiana na nani, na wamekubaliana nini. Hata wewe ulisema, "Waache waulize, zahanati ni yao." Ulipoitishwa mkutano wa kijiji, ukavaa kitenge chako cha buluu ukaenda. Ulidhani unakwenda kujibu maswali. Mama yangu jamani.

Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema serikali haiwezi kulala kitanda kimoja na watu wa namna ile, watu wakacheka wakapiga makofi. Mwingine akadai unaharibu watoto. Ukasimama ukasema, "Mimi natibu mwili. Nionyesheni mtoto niliyemharibu." Mama Kulwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye uliwapokea pacha wake wote wawili kwa mikono yako, akaguna. Mkutano mzima ukaguna naye. Haikupita muda agizo likaja kutoka juu kwamba ushirikiano na shirika uvunjwe, chumba kifungwe, na wewe ukae nyumbani mpaka utakapoitwa. Tukawapigia wale wa shirika, simu ikaita weee, haikupokelewa. Picha yako wakaifuta kimyakimya. Gari jeupe halijaonekana tena huku mpaka leo. Ptuu.

Kisha mtemi wa sungusungu akaongeza la kwake, ambalo hakuna aliyemtuma. Akatangaza tutengwe. Tusisalimiwe, tusiuziwe kitu, tusiazimwe moto wala jembe, mpaka tutoe dume la ng'ombe liliwe na kijiji kizima, na wewe usimame hadharani useme wale watu walikuhonga. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Dume? Mimi nina jogoo mmoja tu, naye mgonjwa." Lakini kwenye kuhongwa hukucheka. Ulisema uongo huo hutausema hata wakikuletea dume wao. Tukaanza kufuata chumvi Runzewe.

Aliyeendelea kuingia kwetu bila kuogopa ni Shija peke yake. Hivi unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza? Kwao alizaliwa mvulana, mtoto aliyewafuata mapacha wa mama yake, ndiyo maana akaitwa Shija, lakini tangu tumfahamu anavaa khanga, anasuka nywele, anauza uji kwa wachimbaji kule kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu. Siku ile walikuwa wamempiga, damu inamchuruzika kichwani. Akasimama mlangoni, akapiga goti kidogo kama wasichana wa kwetu, akasema, "Shikamoo mama." Ukajibu, "Marahaba mwanangu, kaa hapo," huku unatafuta pamba, kama unavyomjibu mtu yeyote. Mimi nikabaki nimeduwaa, sijui nimwite kaka au dada. Ukanikata jicho ukasema, "Mwite Shija. Si ndilo jina lake?" Yakaisha.

Siku ulipoanguka ilikuwa mchana, watu wote wako majumbani wanakula. Ulikuwa unasonga ugali. Nilisikia mwiko ukidondoka, halafu wewe. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mama, unanitazama kwa jicho moja. Nikatoka uani nikapiga mwano.

Ni wewe uliyenifundisha kupiga mwano, nikiwa mdogo, siku fisi alipoingia zizini kwa babu kule Didia. Ukaniambia yowe hilo halibagui. Mwano ukipigwa, mtu anaacha tonge mdomoni anatoka. Uliyegombana naye jana anatoka na rungu lake. Hata adui anatoka, kesho ndiyo mtaendelea na uadui wenu. Na asiyetoka ndiye anayetozwa ng'ombe. Sungusungu wenyewe wanajua hakuna sheria iliyo juu ya hiyo. Basi nikapiga mwano mpaka sauti ikakwaruza. Niliona pazia la Mama Kulwa likisogea. Nilisikia kijiko kinagonga sahani, ko, ko, ko. Walikuwa wanakula! Mimi napiga mwano mama yangu anakufa, na wao wanakula.

Aliyekuja ni Shija. Alitokea njia ya maduara na ndoo ya uji kichwani, akaitupa pale pale, uji ukamwagika kwenye mchanga, na nyuma yake wachimbaji aliokuwa anawapelekea. Wakakubeba mpaka kwenye bajaji. Ulifika hospitali ukiwa hai. Asubuhi ukaondoka, mkono wako mmoja nimeushika mimi, mwingine ameushika yeye.

Msiba wako ungeuona ungechoka. Wajomba walishuka kwenye basi kutoka Didia wakauliza, "Watu wako wapi?" Nitawajibu nini? Hakuna mwanamke hata mmoja wa hapa aliyeleta kuni wala unga. Mama mdogo Ngollo na mimi tulikuosha. Shija alibeba maji kutwa, na pale bombani wanawake walimpisha kama wanavyompisha mwenye ukoma. Kaburi lako walilichimba wachimbaji, kwa sululu na moko zao, zile patasi za kupasulia mwamba. Unajua kiwanja chetu kilivyo, kokoto tupu. Wakazinyoosha kuta zile kama wanashusha duara lenye dhahabu. Baadhi yao walikuwa vijana wako wa Alhamisi, wengine hapana. Sikuuliza ni nani, na wewe hukuwahi kuniambia. Mjomba alichungulia ndani akasema hajawahi kuona kaburi lililonyooka vile, nami nikacheka, hapo hapo msibani. Ungecheka na wewe.

Baada ya arobaini mtemi alikuja nyumbani na wazee wawili. Alikuwa na jambo linalomkera. Habari zilikuwa zimeshafika vijiji vya jirani kwamba hapa kwetu mwano ulipigwa watu wakaendelea kula, na huko wanamcheka. Akataka nitoe lile dume, nisimame mkutanoni niseme shirika lilimhonga mama, na mambo yaishe, nirudi kuwa mtu kati ya watu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto wa maua. Akakohoa, akasema, "Mama yako sisi tumeshamsamehe."

Tumeshamsamehe! Nikamwambia, "Baba, hilo dume nilitoe mimi niliyepiga mwano, au wewe uliyeusikia?" Mzee mmoja akainama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Waliondoka bila kunywa maji niliyowawekea.

Basi sikiliza la juzi.

Juzi mchana, upepo unavuma, niko kwenye cherehani, nikasikia mwano. Nikanyoosha shingo. Moshi ulikuwa kwa mtemi. Jiko lake la nyasi lilikuwa linaungua, na pembeni kuna banda la ndama. Nikakaa. Nikaikanyaga tena pedali ya cherehani. Nikasema kwa sauti, peke yangu, liache liungue, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mara nikaona mtu anapita mbio mbele ya mlango, khanga amejifunga kiunoni, ndoo mkononi. Shija. Hata ndani hakutazama.

Nikasonya. Nikasonya tena. Nikachukua ndoo.

Usianze kujisifia huko uliko, sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kwa kinyaa. Niliona nikiendelea kushona pale, nitakuwa na mimi nasikia mwano huku kijiko changu kinagonga sahani.

Moto tuliuzima. Jiko lilibaki majivu, ndama walipona. Kijiji chote kilikuwa pale, nyuso nyeusi kwa masizi, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule watu wakawa wanapokezana ndoo nami mkono kwa mkono. Mtemi akanijia, macho mekundu kwa moshi, amenyoosha mkono. "Asante, mwanangu." Nakiri mkono wangu ulitaka kwenda. Nimechoka kufuata chumvi Runzewe, mama. Nimechoka kupita njiani kama mti. Nikauweka nyuma ya mgongo. Nikamwambia, "Aliyefika kwanza ni Shija. Anza naye."

Shija alikuwa anakamua maji kwenye khanga yake. Akatazama huku na huku, akasogea, akapiga goti kidogo, vilevile kama siku ile mlangoni kwetu. "Shikamoo baba."

Neno moja tu lilikuwa linadaiwa pale. Marahaba. Hata mwizi aliyefungwa kamba anaitikiwa. Mtemi alimtazama mwenyekiti, akamtazama Mama Kulwa, akatazama majivu yake. Ule mkono akaurudisha mfukoni. Akageuka akaenda kushika ndama.

Shija akabaki pale na goti lake, mbele ya watu wote, na maji yanamdondoka. Sijui nilivutwa na nini. Mimi na yeye ni rika moja, mimi si wa kuamkiwa naye. Lakini sauti ilitoka, mama, na haikuwa yangu, ilikuwa ile yako ya zahanati, inayosikika mpaka kwenye foleni. Nikasema, "Marahaba mwanangu."

Tukaokota ndoo zetu tukaondoka. Hakuna aliyetusemesha, na bado tumetengwa. Ila nilipokuwa nafunga mlango jioni ile, nilimwona Mama Kulwa amesimama uani kwake anatazama kaburi lako. Sikumsalimia. Kwake bado kinyaa hakijaniisha, na siwezi kukudanganya.

Nenda salama, mayu, ulale kwenye lile kaburi lililonyooka. Nakuahidi mkutanoni sitasimama kusema ulihongwa, na nyama ya dume lao sitaionja. Mwano ukipigwa nitatoka, hata ukipigwa na wao, kwa kusonya hivyohivyo. Na anayekuja kuamkia kwenye mlango huu wako, awe amevaa nini, ataitikiwa.

Naishia hapa. Kuna mtu anapiga hodi nje, na kwa harufu ya uji namjua. Acha nikamwitikie.

Mwanao,
Kabula