Kunyamaza Kwangu Kwenye Jiwe la Ilesi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kakamega
Nambari ya OB (kitabu cha matukio): 41 ya tarehe 16/08/2025
Jina: Winrose Kageha
Umri: Miaka 57
Kazi: Mtunza stoo wa shule
Makao: Bukura
Elimu: Kidato cha Nne
Yamechukuliwa: Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, saa tatu asubuhi

Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025. Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu, jua likatoka saa mbili na nusu. Naanza na hali ya hewa kwa sababu daftari langu huanza hivyo kila siku, na Koplo Kipsang ameniruhusu kulishika mkononi ninapozungumza. Mimi ni muumini wa Kanisa la Marafiki, kwa hiyo siapi. Nitasema kilichotokea.

Nina binti mmoja, Tracy, mwenye miaka 29, anayefanya kazi katika duka la dawa mjini Kakamega na kukaa Amalemba. Ana watoto wawili, Wesley wa miaka saba na Mideva wa miaka minne. Baba yao ni Protus Masinde wa Chekalini. Waliachana Novemba mwaka jana. Tarehe 3 Februari mwaka huu walitia sahihi mapatano mbele ya afisa wa watoto. Mapatano hayo yanasema watoto wakae na mama yao, na baba asimwondoe mtoto yeyote bila ridhaa ya Tracy au, Tracy asipokuwapo, ridhaa yangu. Nakala ninayo na nimempa Koplo.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba nitawapeleka Ilesi kuliona jiwe linalolia. Tuliondoka Amalemba saa tatu na dakika kumi. Nilibeba chupa ya chai, viazi vitamu, mayai manne ya kuchemsha, sweta mbili na leso yangu. Kabla hatujatoka, Tracy aliwapiga picha watoto mlangoni akaiweka kwenye simu yake ili watu waione, na maneno, "Guku anawapeleka Ilesi leo." Guku ndiyo nyanya kwetu. Nilimwambia, "Si kila mtu anastahili kujua tunakoenda." Akajibu, "Mama, wewe unaogopanga hata kivuli." Nimeandika maneno hayo kwa sababu Protus Masinde bado alikuwa na nambari ya Tracy, na picha hiyo angeiona.

Tulifika Ilesi saa nne na dakika tano, tukapanda polepole. Njia ni nyembamba, ina mawe na ilikuwa na utelezi. Mideva alivaa buti za mvua za manjano na hakutaka kushikwa mkono. Tulipofika chini ya jiwe, aliyatazama maji yanavyoteremka, akauliza, "Guku, nani amelichapa?" Wesley akasema, "Hakuna. Limenyimwa chai." Walicheka mpaka Mideva akaketi chini kwenye tope. Tulikula hapo. Yai moja lilibingirika likapotea kwenye nyasi, na Wesley akalitafuta kwa dakika kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu mpaka saa tano na dakika ishirini.

Tulianza kushuka. Mideva alitangulia kama hatua nane, Wesley alikuwa kando yangu. Kwenye kona ya mwamba mkubwa nilisikia mtu akikohoa, nikaona viatu vya kahawia vikipanda. Nilijua ni Protus Masinde. Kikohozi chake nakijua.

Hapa naomba nieleze, kwa sababu Koplo ameniuliza mara tatu. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja na hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mama hukaa pembeni na kugeuka mpaka mwanamume apite. Mkiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Nimefanya hivyo tangu mwaka 2017 walipooana, na hata walipoachana sikuacha, kwa sababu heshima hiyo haiko kwenye cheti. Nilijifunika leso kichwani hadi usoni, nikaugeukia mwamba.

Nilimsikia akiita, "Mide! Mide wa baba!" Nikasikia buti zikikimbia. Kisha akamwambia Wesley kwa sauti kubwa, na nilisikia kila neno: "Kijana, ambia guku yako naenda na Mideva. Kama anakataa, aseme."

Wesley alinivuta sketi. "Guku, baba anasema anaenda na Mideva. Unakataa?"

Sikusema kitu.

Wesley akangoja kidogo, kisha akamwambia baba yake, "Amenyamaza."

Protus Masinde alicheka. Akasema, "Basi amekubali. Huyo ni mama wa heshima."

Koplo ameniuliza kwa nini nilinyamaza wakati neno lilipitia kwa mtoto kama mila inavyotaka. Jibu ni kwamba mwezi wa Juni, tarehe 21, alikuja Bukura akamchukua Mideva kwa namna hiyohiyo, akampeleka dukani na kumrudisha baada ya dakika ishirini. Nilidhani anampeleka barabarani kumnunulia mahindi. Tena sijawahi kubishana na mwanamume huyo kwa kinywa changu. Sikujua ningeanzaje. Hilo la pili ni kosa langu na sitalificha.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na mbili nilipoondoa leso. Njia ilikuwa tupu. Nilimshika Wesley tukashuka mbio, akaanguka mara moja, akachubuka goti. Kando ya barabara kuna mama anayechoma mahindi, anaitwa Zeituni, mtu wa Mumias. Nilimuuliza kama amemwona mwanamume na msichana mwenye buti za manjano.

Akasema, "Wameingia gari nyeupe, wamekata kwenda mjini. Si huyo mtoto ni wako?"

Nikasema ni mjukuu wangu.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Wesley akamjibu, "Guku alikuwa ameangalia jiwe. Hawaangalianangi na baba."

Zeituni aliweka chini pepeo lake la moto. "Ya Allah! Mama mzima unafunika uso, na mtoto anabebwa? Huyo ameiba kwa adabu." Watu wawili waliokuwa wakingoja mahindi walicheka. Ameandikisha maelezo yake mwenyewe.

Tulifika kituoni saa saba kasoro dakika tano. Tracy alitukuta hapo, akiwa bado na koti jeupe la kazi. Saa nane na robo simu yake ililia, akaiweka sauti ya juu mbele ya Koplo. Protus Masinde alisema, "Mtoto yuko kwao, Chekalini. Shule zikifunguliwa anaanza nasari huku. Usinisumbue. Mama yako amenipa kwa roho safi, muulize." Akakata.

Koplo Kipsang akanigeukia. "Mama, kama ulikubali, hii si kesi. Ni mambo ya familia, mtoto atakaa huko mpaka mkubaliane. Kama hukukubali, amevunja mapatano na namwita. Ulikubali?"

Nilimwambia nilinyamaza.

"Kunyamaza si jibu. Mimi ni mtu wa Nandi, mila yenu siijui vizuri. Lakini hata kwetu mtoto akibebwa, mama anapiga nduru."

Alimwita Protus Masinde kwa simu afike Jumatatu pamoja na mtoto. Mvua ilianza saa tisa. Tulirudi Amalemba tumelowa.

Jumapili tarehe 17 Agosti. Asubuhi kavu, upepo kidogo. Sikuenda kanisani. Saa moja jioni Tracy aliketi mbele yangu jikoni. Nataka yaliyosemwa yaandikwe, ingawa yeye hataki.

Alisema, "Kesho utasema hukusikia. Ulikuwa umefunika kichwa, mvua ya asubuhi imeziba masikio, chochote."

Nikasema, "Nilisikia."

"Mama, ni neno moja tu!"

"Nimeshaliandika kwenye daftari."

"Basi choma hilo daftari. Unalipenda kuliko mtoto?"

Wesley alikuwa mlangoni na bandeji yake ya goti. Akasema, "Mimi ndiye nilimwambia baba amenyamaza." Tracy alimtoa nje kwa ukali, akarudi akaosha sufuria moja kwa muda mrefu.

Jumatatu tarehe 18 Agosti. Mawingu tangu alfajiri, baridi. Tulifika kituoni saa tatu na nusu. Protus Masinde alifika saa nne na dakika kumi, amembeba Mideva. Mtoto alikuwa amenyolewa kichwa chote. Buti za manjano hazikuwapo, alivaa ndala kubwa. Tracy alipoona kichwa kile alipiga kelele, na askari wa mlangoni akamshika mkono. Mideva alisema, "Mama, nywele zangu ziko Chekalini."

Chumba cha Koplo ni kidogo, kina benchi moja. Protus Masinde alikaa juu yake. Mimi nilichukua kiti nikaketi nje ya mlango, nikitazama uwanja, ili nijibu kutoka huko. Koplo alivumilia maswali mawili. La tatu akasema, "Mama, ingia ndani. Siandiki maelezo ya mlango."

Niliingia, leso ikiwa usoni, nikasimama nikiutazama ukuta wenye kalenda.

Protus Masinde alizungumza vizuri sana. Alisema, "Bwana Koplo, mimi sikuiba mtoto. Niliuliza kwa adabu, kupitia kwa kijana wangu, kama mila inavyotaka. Mama huyu ni mtu wa kanisa, hawezi kudanganya. Muulizeni kama nilimuuliza. Muulizeni kama alikataa."

Tracy akasema, "Ulijua hawezi kukujibu! Ulijua!"

"Nilijua ananiheshimu," akasema. "Tofauti na wewe."

Koplo akauliza, "Mama, alikuuliza?"

Nikasema ndiyo.

"Ulikataa?"

Nikasema hapana, sikukataa. Tracy alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Protus Masinde alisema taratibu, "Asante, Mama," na nikasikia benchi likilia alipojinyoosha. Koplo aliweka kalamu chini. Nilijua akiinuka hapo, Mideva anarudi Chekalini.

Saa ilikuwa nne na dakika hamsini. Nilitoa leso usoni, nikaikunja, nikageuka nikamtazama Protus Masinde machoni. Sijawahi kumtazama hivyo tangu nimjue.

Nilisema, "Protus. Jumamosi ulinisemesha ukijua nimefungwa mdomo. Kile kimya kilikuwa heshima, hukupewa mtoto ndani yake. Leo heshima hiyo nimeivua. Sasa niulize tena, mwenyewe, hapa. Niulize kama naridhia."

Hakuuliza. Aliinua mkono akaziba macho, akageukia dirisha. Koplo akamwambia, "Bwana, mama anakungoja. Uliza." Alikaa vile. Nilihesabu mpaka ishirini.

Nikasema, "Basi najibu bila kuulizwa. Nakataa. Sikuridhia Jumamosi, siridhii leo."

Koplo alichukua kalamu. Alimpigia simu afisa wa watoto, wakazungumza kwa dakika kumi na mbili. Baadaye alisema mapatano ya Februari yanasimama, mtoto arudi kwa mama yake mpaka mahakama iseme vinginevyo, na Protus Masinde abaki kuandika maelezo yake. Tulitoka saa sita na nusu. Nilipopita mbele ya benchi, Protus Masinde, mkono ukiwa bado usoni, alisema, "Umenitazama, Mama. Hilo utalijibu wewe, si mimi." Sikujibu. Si kwa heshima.

Jioni Tracy alimwogesha Mideva mara mbili. Nilidhani atanishukuru. Alipomaliza kumvisha alisema bila kunitazama, "Kumbe unaweza. Kwa nini hukufanya hivyo Jumamosi?" Nililiandika swali hilo kwenye daftari na kuacha mistari mitatu chini yake. Bado iko wazi.

Mideva alikataa kulala kwa mama yake, akaja kwangu. Alipopata usingizi nilileta taa karibu nione kama wembe ulimkata. Hakukuwa na jeraha. Lakini bila nywele niliona paji lile la uso, macho yale yaliyoachana, na kidevu, na nilikuwa nimeviona asubuhi kwenye benchi. Picha za baba yake nimewahi kuziona, lakini picha haikutazami. Kwa miaka minne nimembeba mtoto huyu mgongoni bila kujua anafanana na nani. Sikufurahi kulijua. Nilizima taa, nikaiwasha tena, nikamtazama mara ya pili. Nililala saa nane na dakika ishirini usiku.

Ninayoyajua yanaishia hapo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa kwa Kiswahili, na nayatambua kuwa yangu.

Sahihi: W. Kageha

Maelezo ya afisa: Mimi Koplo Kipsang nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyasema na kumsomea yote. Aliomba sahihisho moja: kila nilipoandika "mkwe wangu", pafutwe na paandikwe jina kamili la mtu huyo. Nimefanya hivyo. Shahidi ametia herufi za jina lake pembeni mwa kila sahihisho. Tumemaliza saa tano na dakika kumi na tano.