Povu la Ukurasa wa Nane

Jumatatu, 3 Juni

Mpwa wangu kachaguliwa! Tamasha la vibonzo, lile la wachoraji wanaojitegemea, wasio na gazeti wala bosi. Walioomba ni mia na kitu, wamechukua chipukizi watano. Jina la tatu ni lake! Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, barabarani. Watampa meza yake, watamchapia kitabu chake cha kwanza, na watampa mlezi.

Hapo nikasimama. Mlezi wa nini? Si mimi? Nani alimshika mkono akavuta mstari wa kwanza?

Mpwa akacheka. Eti mlezi wa kazi, Mjomba, mchoraji mkubwa wa kunielekeza. Haya. Mimi nimelea, wao wamalizie.

Mwenye duka la viatu nimempa habari mara mbili. Mara ya kwanza hakushtuka vya kutosha.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimejua anachochora. Safari ya mlango! Hadithi yangu mimi! Mvua ile kubwa, mimi miaka tisa, dada yangu kumi na mmoja. Maji yakang'oa mlango wa nyumba pamoja na bawaba zake. Nikaupanda kama farasi, nikamweka dada mgongoni, upawa wa jikoni ukawa kasia. Tukapita juu ya mitaa, juu ya soko. Paa la shule nililigusa kwa mguu. Nimeisimulia mpaka nyumba nisizozijua wanaijua.

Nikampelekea dada habari. Yuko kwenye cherehani yake, futi shingoni kama kawaida, pini mdomoni. Mwanao ananichora, dada! Akatoa pini moja moja. Akasema, "Anatuchora." Akazirudisha.

Dada hana maneno mengi. Yote niliyachukua mimi nilipozaliwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeota mlango tena. Tunaelea. Maji yanazungumza chini ya mbao, taratibu, kama watu chumba cha pili. Kuna harufu ya sabuni, ya gauni lililofuliwa. Upawa unachota, chaa, chaa. Raha gani ile! Nikaamka mikono imekumbatia mto.

Ajabu moja. Sikumbuki kuona kitu. Ndoto nzima ni masikio na pua. Labda picha zilishaisha kwa kusimuliwa.

Jumanne, 11 Juni

Kazi kubwa imekuja mikononi mwangu. Mlezi kamwambia mpwa kwamba picha zake zinapumua ila mwandiko wake ni kuku kaparua. Mpwa akasema ana mjomba. Anaye kweli! Darasa la tano nimeishia, lakini herufi zangu zimesoma kuliko mimi. Kile kibao nilichoandikia duka la mkate, mtu alikaa mbele yake akakisoma akashiba akaenda zake.

Kaleta kurasa nane. Maneno ya watu yanakaa ndani ya duara lenye mkia kuelekea mdomoni. Wao wanaliita povu. Akaniambia, "Mjomba, kesho nataka povu lako lote." Nikamwambia mimi sitoi povu, mimi nasema kwa heshima. Kucheka! Machozi yakamtoka.

Kurasa zinatakiwa Ijumaa. Zisipofika hakuna kitabu. Atakaa na meza tupu mbele ya watu, na mwakani chipukizi ni wengine. Ameniambia hilo akinishika mkono wa shati, kama alivyokuwa mdogo.

Jumatano, 12 Juni

Nimemaliza. Nafanya kama ninavyofanya kwenye kuta. Kwanza nafunika kila kitu kwa gazeti na utepe, panabaki mahali pa herufi tu. Picha ya mtu haipati hata tone. Halafu naanza katikati ya neno, naenda kushoto, naenda kulia. Wengine wanaanza mwanzo, neno linawaishia ukutani. Langu halijawahi.

Rangi ni yangu, ya vibao. Haifutiki. Kuna duka liliungua lote, herufi zangu zikabaki hewani siku mbili.

Maneno alinipa kwenye karatasi. Kakosea mtoto wa watu! Kaka kampa "Mama weee!" na "Dada, nishike!" Dada ndiye kampa "Tulia, tunafika." Kawachanganya. Nikarekebisha kimyakimya, nikaongeza na chumvi kidogo. Kaka sasa anasema "Usiogope, dada, niko hapa!" na "Hili si gharika, ni dimbwi!" Dada anasema "Asante, kaka." Imenyooka.

Povu la mwisho, ukurasa wa nane, kaandika: acha wazi, bado nafikiri. Nimeacha.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui niandikeje.

Mpwa alikuja asubuhi akabandua magazeti mwenyewe. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mjomba, umefanya nini?"

Nikatazama. Mara ya kwanza nilitazama picha.

Mlango uko juu ya maji, mitaa inalala chini yake kama iko usingizini. Kuchora anajua, jamani. Aliyesimama na upawa ni msichana, gauni limelowa. Mvulana amepiga magoti nyuma yake. Kamkumbatia kiunoni, uso kauficha mgongoni, macho kayafumba mpaka yamekuwa mikunjo miwili. Na juu ya kichwa chake, kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: HILI SI GHARIKA, NI DIMBWI!

Nikasema, nani kakwambia hivi? Akasema mama. "Mara moja tu, kwa sababu nilimuuliza."

Nikajaribu kufuta. Kitambaa, mate, mafuta ya taa kwenye kona. Rangi yangu haifutiki.

Baadaye. Mlezi kaja hapa karakana. Mwanamke mrefu, kichwa kanyoa, wino mpaka kwenye viwiko. Kasoma kurasa zote. Kisha kakaa chini sakafuni, kumbe anacheka! Anapiga sakafu! Akamwambia mpwa, usiguse kitu, maneno yanadanganya na picha zinasema kweli, watu wanatafuta hili miaka. Mpwa akajibu, "Lakini sivyo nilivyoandika. Mama yangu anasema asante kwenye kitabu changu. Hakusema asante." Mlezi akainuka sakafuni. Akasema kitabu ni chako, amua wewe.

Mpwa akazihesabu kurasa upya. Akaamua kurasa saba zipite hivyo hivyo. Wa nane, povu la mvulana lililobaki wazi, nitaliandika mimi, kwenye tamasha keshokutwa, mbele ya watu. Mlezi kakubali lingoje, Jumatatu linachapwa kama lilivyo. Hatanipa neno.

Nikamwambia bila tabu, kazi ndogo.

Ijumaa, 14 Juni

Nilikwenda kwa dada. Nilitaka kusema kitu, nikasema juu ya bei ya utepe. Akanyoosha kitambaa. Akasema, "Miaka arobaini na tatu nakusikia unanibeba. Mgongo haujachoka?"

Nilidhani ananikasirikia. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu na pini zake, ila macho hayakuwemo.

Gauni lake lilinukia sabuni.

Niliondoka haraka, nikasahau kofia. Sikuona picha kwa sababu nilikuwa nimefumba. Basi. Nimeandika. Daftari la oda halisomwi na mtu.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulikuwa ghala. Paa lina vioo, mwanga unashuka kama unga. Kurasa zimetundikwa kwenye kamba kila upande, mtu anapita katikati ya hadithi za watu kama anatembea ndani ya nguo zilizoanikwa. Chipukizi wanne wengine wanatazama meza zao wasiamini. Mmoja anaigusa gusa ya kwake. Meza ya mpwa ina foleni. Watu wanasoma, wanacheka, kisha wanaacha kucheka, wanarudi nyuma ukurasa. Nimewaambia watatu kwamba herufi ni zangu. Wa nne sikumwambia.

Ukurasa wa nane mpwa kaurudia mkubwa, juu ya mlango. Mlango wa kweli! Kautundika kwa kamba nne kutoka darini. Watu wakipita unayumba kidogo. Unaelea.

Wenye tamasha wameita watu. Dada kakaa mbele, futi shingoni bado, kasahau kulivua. Nikapanda ngazi na chaki. Katikati kwanza, kama kawaida yangu. Nikaandika OGOP, chaki kisha rangi. Ukumbi ukaanza kukisia, mmoja akapiga kelele, "Usiogope! Malizia, mzee!" Mwingine akasema hapana, "Naogopa!" Wakabishana. Nafasi inatosha yote mawili. I ni nyembamba, haili mahali, kwa hiyo USI na NA zinakaa palepale. Mwishoni ni E au ni A.

Mpwa alikuwa ameshika kona ya mlango usiyumbe.

Nikachovya brashi. U na N zote mbili huanza na mstari mmoja, wa kushuka, upande wa kushoto. Huo nimeuvuta. Umenyooka kama uzi, sijawahi kuvuta mzuri kama ule.

Halafu nimeshuka. Nimewaambia mstari wa kwanza lazima ukauke. Uongo. Sijasubiri mstari ukauke tangu nizaliwe. Nimekaa nyuma ya meza ya mpwa naandika haya, wananiita, wanapiga makofi ya kuhesabu.

Haya, nimerudi. Nimekaa kipandio cha tatu, daftari pajani, brashi mdomoni. Dada kaja kasimama chini, kaishika ngazi kwa mikono miwili. Anasema inatetemeka.

Ngazi ni imara. Niliikagua mwenyewe asubuhi.