Paja Kavu la Damiani

Jumatatu, 3 Juni

Nimechinja nguruwe mmoja tu leo. Wa kutoka Sigino, mweupe, mafuta ya wastani. Mchana karai liliwaka kibandani, jioni sina hata mfupa. Watu walitoka mpaka Magugu. Baba mmoja mzima aliyevaa tai alilamba sahani mbele za watu. Nilijisikia vizuri.

Nyumbani hadithi nyingine. Mke wangu, Mama Paskalina, hakula tena. Nilimpelekea ini la moto, la vitunguu, nililolikaanga kwa mkono wangu. Akaziba pua. Akatoka nje, akasimama kwenye migomba mpaka nilipofunika sahani.

Mimba ina miezi mitano. Kliniki wamesema damu ni ndogo. Ale nyama, maini, maharage, mboga za majani. Vidonge vya damu anameza. Maharage anakula. Nyama, hapana.

Mwaka jana mimba iliharibika. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nusu ya Babati inakula kitimoto ya mkono wangu. Mke wangu hali. Naona aibu. Naogopa pia.

Jumatano, 5 Juni

Nilikuwa natafuta kibiriti jikoni. Nikafunua sahani. Nyama.

Si yangu. Vipande vyembamba, ukinyanyua kimoja unaona mwanga wa dirisha upande wa pili. Nyekundu iliyokolea, ukingo wa mafuta meupe. Haijaona moto. Nikaonja. Chumvi, halafu utamu fulani, halafu chumvi tena.

Nilipouliza akasema ni ya Damiani, alipita dukani kwake akitoka kliniki. Alilitaja hilo jina kama mtu anayetaja nyanya. Kisha akakaa, akala vile vipande vyote na kiporo cha ugali, mbele ya macho yangu. Alimaliza. Alilamba kidole.

Nilipaswa kufurahi kwamba amekula nyama. Sikufurahi hata chembe.

Damiani nilisoma naye seminari. Mimi nilitoka kidato cha pili, nikabaki na tabia hii moja ya kuandika kila siku kama tulivyofundishwa. Yeye alimaliza, upadre ukamshinda, akaenda kupika jikoni kwa masista. Huko ndiko alikojifunza kuzika mapaja ya nguruwe kwenye chumvi, kuyaosha, kisha kuyaning'iniza miezi na miezi mpaka yakauke. Yeye anaiita hemu. Mjini wanaiita paja kavu. Mimi naiita nyama ambayo mwenyewe kashindwa kuipika.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda dukani kwake. Nilijiambia napita tu.

Aproni nyeupe, haina doa. Mtu anauza nguruwe na hana doa. Kabati la kioo. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: PROTINI. CHUMA. ZINKI. VITAMINI B. Kama zahanati.

Alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti, akaanza somo. Kwamba nyama ikikauka maji hutoka na chakula hubaki, kwa hiyo kipande kidogo chake kina protini nyingi kuliko kipande kama hicho cha nyama mbichi. Kwamba nguruwe ana vitamini B nyingi, ile ya mishipa ya fahamu, kuliko ng'ombe. Kwamba mafuta yake mengi si mabaya kama watu wanavyodhani. Aliongea vizuri, lazima nikiri. Mtu akimsikiliza atadhani ameumba nguruwe yeye.

Nikamuuliza mbona ukutani hajaandika chumvi. Akacheka. Akasema chumvi ipo, ya kuhifadhia tu. Ya kuhifadhia! Paja limelala kwenye chumvi kama maiti kwenye udongo, halafu ni ya kuhifadhia.

Nikiwa natoka akanipa kifurushi, eti cha Mama Paskalina, anajua anavyoipenda. Anajua. Nilikibeba mpaka nyumbani. Ningeweza kukitupa ziwani. Nimekiweka mezani na sikusema ni cha nani. Alijua bila kuambiwa. Alitabasamu.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa walisimama kwenye ngazi za kanisa. Mke wangu na Damiani. Alimwambia kitu, mke wangu akacheka, mkono tumboni. Kicheko kile kwangu hakijasikika tangu Pasaka.

Nilisimama mbali, baiskeli yangu mkononi, nikijifanya naangalia mnyororo.

Kitandani ananigeuzia mgongo. Juzi alisema nikaoge. Nikaoga. Akageuka vile vile. Jana alihamia upande wa dirisha na kulifungua, kwenye baridi hii ya Juni. Binti yetu Paskalina akaanza kukohoa, dirisha likafungwa, akalala na kanga usoni.

Siwezi kuongea haya na mtu. Nikimwambia mtu kwamba mke wangu ananikimbia kwa ajili ya nyama iliyokauka, nitachekwa mpaka Dareda.

Namwonea wivu Damiani. Nimeliandika. Ndivyo lilivyo.

Jumanne, 11 Juni

Nimeharibu.

Nilifikiri hivi: kama ni hiyo nyama anaitaka, basi aile kutoka kwangu. Nilichukua kipande kikubwa cha Damiani kilichobaki jikoni nikaenda nacho kibandani. Nikakikata mishikaki. Nikakitia kwenye karai, mafuta ya moto, kitunguu, hoho, limao, pilipili kiasi. Na chumvi. Mkono wangu ulitia chumvi wenyewe, kama unavyotia kila siku. Sikufikiri. Nyama iliyolala kwenye chumvi wiki nzima, nikaiongezea chumvi.

Nikampelekea mwenyewe, ikiwa bado inachemka, na ndizi pembeni. Nikasimama kumtazama. Alitia kipande kimoja mdomoni kwa heshima yangu tu, naona sasa. Akatafuna. Akameza. Macho yakajaa machozi. Kisha akakimbilia nje na kutapika kila kitu, pamoja na maharage ya mchana na vidonge.

Nilionja baada ya yeye kwenda kulala. Ilikuwa haimezeki.

Yeye hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki. Safari hii nilikwenda naye. Miguu imevimba, viatu haviingii, amevaa ndala zangu.

Presha imepanda. Nesi alipima mara mbili. Ni mama wa makamo, mpole, hana haraka. Akauliza anakula nini. Mke wangu akasema paja kavu, karibu kila siku. Nesi akaweka kalamu chini.

Alieleza polepole. Protini ya ile nyama ni kweli, vitamini B ni kweli. Chuma kipo, ila si kingi kama watu wanavyosema, ini linaipita mbali. Tatizo ni chumvi. Mtu ambaye presha imeanza kupanda na ana mimba, chumvi ile si ya kuchezea. Na nyama yoyote isiyopikwa si ya mama mjamzito.

Nilitaka kusimama nipige makofi. Ini langu limelishinda paja lake, na limesemwa na mtaalamu. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka presha iliyopanda ni ya nani. Nikajichukia.

Nikauliza, basi nimpe ini kila siku? Hapana. Mara moja kwa wiki inatosha, likizidi nalo si zuri kwa mtoto. Kwa hiyo hata hapo sikushinda.

Kisha nesi akanitazama. Akasema, "Baba Paskalina, hebu sogea ukae kule dirishani. Mimi sina mimba, na bado inanifikia."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ametazama sakafu.

Hakupanda bajaji kurudi. Alitaka kutembea, taratibu, mimi upande ambao upepo hauji kwake. Nilimwuliza nesi alimaanisha nini. Akasema ni mafuta ya karai. Kwamba yako kwenye nywele zangu, kwenye shuka, kwenye mto, hata kwenye pesa ninayompa ya soko. Mimba zilizopita hakuwa hivi. Safari hii, nikifika mlangoni tu, tumbo linapanda. Ya Damiani ni ya baridi, haina moshi, haina harufu. Ndiyo nyama pekee iliyopita kooni. Akaniapia kwamba hakuna kingine.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje?" alisema. "Harufu hiyo ndiyo inayotulisha."

Kisha akasema pia kwamba aliogopa maneno ya watu. Wakisikia mke wa muuza kitimoto hawezi kukaa karibu na kitimoto, watadhani nyama yangu ina kasoro.

Wiki nzima nimemwonea wivu mtu kwa sababu hanuki. Na yeye mwezi mzima alikuwa analinda karai langu huku anatapika. Nimekaa na jambo hili mchana kutwa na sikufungua kibanda.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeenda duka la mtaani kwetu, kwa Bwana Hamisi, kuuliza sabuni kali. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka. Alinisikiliza, ndevu zikicheza kwa kujizuia kucheka.

"Baba Paskalina," alisema, "miaka yote hii ukija nakuhudumia wa kwanza. Ulidhani ni heshima?"

Nikacheka. Nilikuwa na hasira kidogo, lakini nilicheka. Amenipa sabuni ya kufulia ya mche, kaniambia nichanganye na majivu kwa nguo, na ndimu kwa mikono na nywele. Hakunitoza. Alisema ni sadaka kwa mtaa.

Kutoka pale nikaenda kwa Damiani. Nilimwambia yote, presha, miguu, chumvi. Alikaa chini. Alisema hakujua kuhusu presha, angejua asingempa hata kipande. Nilimwamini, kwa uchungu.

Akanifundisha. Nyama ilowe kwenye maji usiku kucha, maji yamwagwe, iwekwe mengine. Kisha ichemshwe kwa maji ya baridi yanayopanda moto taratibu, na maji hayo nayo yamwagwe. Chumvi nyingi inatoka, ladha inabaki. Na hata hivyo kipande kimoja, si sahani, na si kila siku. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Ilinichoma.

Halafu akasema jambo. Kwamba watu wanaingia dukani kwake, wanasoma ukuta, wanasifia, wanamwita fundi, kisha wanavuka barabara kuja kula kwangu. Anasikia vicheko vyao akiwa kwenye kabati lake la kioo. Alisema kuna siku anatamani kulipiga karai langu teke.

Nilifurahi kusikia. Kupita kiasi.

Jumanne, 18 Juni

Utaratibu mpya. Nguo za kazi zinalala kibandani. Naoga huko huko nyuma, ndoo mbili, ndimu, napaka mafuta ya nazi ya Paskalina. Navaa shati safi ndipo napanda kuja nyumbani Bagara. Wateja wananiuliza kama nimepata mchumba.

Nimelala sebuleni kwenye mkeka. Nimefua mashuka yote na foronya. Yeye kitandani na Paskalina, dirisha limefungwa. Asubuhi alisema amelala vizuri. Nilifurahi na nikaumia, vyote pamoja.

Jumapili, 23 Juni

Nimelowesha kipande. Nimekichemsha uani, sufuria ndogo mpya ambayo haijawahi kuona mafuta. Sikutia kitu. Mkono ulitaka chumvi, nikaufunga nyuma kwa mkono mwingine. Kweli kabisa, nilisimama hivyo.

Alikula kipande kimoja na ugali na mchicha, chungwa baadaye kama nesi alivyosema. Hakutapika. Akaniambia kina ladha ya kitambaa kilichochemshwa. Kisha akamaliza.

Si nyama yangu. Ni ya Damiani, imepikwa na mimi. Sijui nijisikieje. Nafikiri bado naona wivu. Umepungua kama uvimbe.

Jumapili, 30 Juni

Baridi kali. Ukungu mpaka baada ya misa.

Ijumaa presha ilikuwa imeshuka. Damu imepanda kidogo, nesi ameridhika, ila ameongeza vidonge. Viatu vya mke wangu vinaingia sasa, vya kanisani hasa. Damiani alitusalimia kwenye ngazi. Nilimjibu kama mtu. Alipomwambia mke wangu neno, naye akacheka, nilihisi kitu kikijikunja kifuani. Kilijikunja na kutulia.

Leo sikufungua kibanda. Mchana mke wangu alikaa kibarazani anachambua mchele, mimi nimekaa hatua chache, upande ambao upepo hauji kwake. Aliacha ungo. Akasema nije. Nikasogea. Akasema zaidi. Akauchukua mkono wangu, akaunusa kwanza, kiganja, kisha vidole kimoja kimoja, uso mzito kama mtu anayenunua samaki. Nilikuwa sipumui.

Akauweka tumboni kwake. Mtoto alikuwa anacheza. Tukakaa hivyo mpaka Paskalina akaja kuuliza mchele umefikia wapi.