Sigara Kando ya Ndevu za Ami

Bagamoyo, 12 Ramadhani

Hata mkononi hakuwa nayo hiyo sigara! Nimewaambia watu mpaka koo limenikauka, nami nimefunga.

Ami Shomari, muadhini wetu, alipigwa picha mwezi wa Rajabu na kijana mmoja kutoka Dar. Aliambiwa acheke, akacheka. Juzi gazeti lilifika, uso wake umejaa ukurasa wa tangazo, na kando ya ndevu imechorwa sigara inafuka moshi. Chini pameandikwa, "Raha ya mtu mzima." Basi. Hakuna neno linalosema Ami anavuta. Ni macho ya watu yaliyouchukua ule moshi yakautia kwenye kile kicheko. Tena mchana wa Ramadhani!

Leo alasiri, barazani, nilimwonyesha Mzee Pazi ukurasa ule kwa kidole. "Tazama, mzee wangu. Sigara ni ya kuchora, na picha ni ya Rajabu."

"Mwanangu, kusoma sijui," akajibu, "lakini macho ninayo."

Magharibi akaadhini mtu mwingine. Ami alifuturu tende moja tu, kisha akaniuliza kama kicheko chake ni kibaya.

Nikatoka kwenda kununua mafuta ya taa. Mzee Pazi alikuwa amenitangulia, anagombana na mwenye duka.

"Zimekwisha, mzee," mwenye duka akamwambia. "Tangu watu wafuturu, wanaulizia hizo hizo tu, za muadhini."